Pikipiki mpya ya cc 150 inachoka mlimani: nianze na kabureta au na sproketi?

Bibi Shamba wa Kween

Salaam kwenu nyote. Mimi ni bibi shamba katika Wilaya ya Kween, mashariki mwa Uganda, na kazi yangu ni kuwafuata wakulima wa viazi mbatata na shayiri wanaolima upande wa juu kabisa, karibu na ukingo wa msitu wa Mlima Elgon. Mwezi uliopita nilinunua pikipiki mpya mjini Kampala. Ni ya cc 150, ina gia tano, kabureta ya kawaida (kile kifaa kinachochanganya petroli na hewa), na breki za ngoma mbele na nyuma. Niliiendesha mwenyewe hadi Mbale kwa siku mbili, pole pole, kwa kuwa kitabu chake kinakataza kuikimbiza kabla ya kumaliza kilomita 1,000 za mwanzo, na safari hiyo yote haikunipa sababu ya kulalamika.

Malalamiko yalianza pale barabara inapoiacha tambarare ya Bulambuli na kuanza kupanda kuelekea Sipi. Gia ya nne ilishindwa, ya tatu ikashindwa, nikaingia Kapchorwa kwa gia ya pili huku bodaboda zenye abiria wawili wawili zikinipita. Tangu siku hiyo nimekuwa nikiipeleka juu zaidi, mahali ambapo simu yangu inasoma mita 2,500, nikiwa na gunia la mbegu za viazi la kilo 40 nyuma, na huko ni gia ya kwanza tu inayosogea. Nikivuta mafuta hadi mwisho injini haipandi. Inatoa mngurumo mzito wa mtu anayesema na tonge mdomoni, na nyuma unatoka moshi mweusi wenye harufu ya petroli mbichi. Asubuhi inawaka kwa shida, na ikishawaka inazima mara ninapoachia mafuta. Lita moja iliyonipeleka kilomita 45 kati ya Jinja na Iganga sasa hainifikishi hata 30.

Kushuka nako kuna balaa lake. Juzi, nikirudi bila mzigo, breki ya nyuma ilianza kunuka kama nguo iliyoungua kwa pasi, na pedali ikazama kuliko ilivyozoea.

Aliyeniuzia, nilipompigia simu, aliniambia kwamba "itazoea". Fundi wa hapa senta anataka kuondoa chujio la hewa "ili ipumue", na jirani yangu anasema dawa ni sproketi ya nyuma, yaani lile gurudumu la meno linalovutwa na mnyororo. Sipendi kuichokonoa pikipiki yenye umri wa wiki tano, lakini pia siwezi kuisukuma kwa mikono hadi kwa wakulima. Nianzie wapi? Ningefurahi zaidi kumsikia mtu ambaye amelifanya jambo hili mwenyewe, si aliyelisikia.

Fundi wa Namatala

Dada, pole kwa safari, na umefanya vyema kuuliza kabla ya kumruhusu mtu ashike bisibisi. Chujio la hewa lisiondolewe, si leo wala kesho. Vumbi la barabara za changarawe likiingia moja kwa moja kwenye silinda hula ringi za pistoni kama msasa, na injini ambayo ingekutumikia miaka mingi itaanza kutoa moshi wa buluu baada ya miezi michache. Tena hata ukiliondoa hutapata nafuu, kwa sababu hewa unayoikosa huko juu haikuzuiwa na chujio, haipo.

Pikipiki yako si mbovu. Kabureta hutoa petroli kwa kadiri ya tundu la jeti yake, yaani kijibomba cha shaba kinachopitisha petroli, na nyingi hutoka kiwandani zikiwa zimepangiwa nchi zilizo karibu na usawa wa bahari. Kampala yenyewe iko kama mita 1,200 juu ya bahari, kwa hiyo hata huko ilikuwa inakunywa kupita kiasi kidogo, ila hukuona. Kwenye usawa wa bahari mgandamizo wa hewa ni kama hektopaskali 1,013, Kampala hubaki karibu 880, na kwenye hizo mita 2,500 zako ni kama 750. Hewa imepungua kwa robo nzima, lakini petroli haikupungua kwa kiasi hicho. Ni sawa na jiko la mafiga ulilolishindilia kuni hadi pasiwe na pa kupitisha upepo: litafuka moshi, na sufuria haitachemka.

Kuirekebisha kabureta kutakurudishia kile kinachopotea kwa moshi, lakini hakutakurudishia hewa. Hesabu tunayoitumia ni kwamba injini isiyo na turbo hupoteza takriban asilimia 10 ya nguvu zake kwa kila mita 1,000 inazopanda. Pikipiki yenye nguvu za farasi 12 ufukweni Mombasa itakuwa na kama 9 kwa wakulima wako. Hizo tatu hazirudi, na fundi anayekuahidi kuzirudisha kwa kabureta peke yake anakutafutia gharama.

Sasa kazi yenyewe. Hakikisha kwanza kwamba choki, ile inayobana hewa ili injini baridi iwake, inarudi hadi mwisho. Nimewahi kuletewa pikipiki mpya mbili ambazo waya wa choki ulikuwa umekazwa mno tangu dukani, na wenyewe wamekwisha kununua jeti. Baada ya hapo ipeleke juu na mzigo wako wa kawaida, ipandishe kilomita mbili tatu, kisha ikiwa bado inavuta bana klachi na uzime injini papo hapo, usiiache ingurume bila kazi. Subiri ipoe kidogo na ufungue plagi. Ikiwa ncha yake ina rangi ya hudhurungi, kama chai ya maziwa iliyokolea, usiguse kitu. Ikiwa nyeusi na kavu, yenye masizi yanayotoka kwa kidole, mchanganyiko ni mzito, yaani petroli imezidi hewa. Ikiwa nyeupe, mchanganyiko ni mwepesi mno na injini iko hatarini. Nyeusi yenye utelezi wa oili ni ugonjwa mwingine, ambao sitarajii kuuona kwenye pikipiki ya wiki tano.

Ukikuta masizi, anza na sindano, usianze na jeti. Ukifungua kifuniko cha juu cha kabureta na kutoa bomba lake la ndani, utaona sindano ya shaba iliyoning'inia, na juu yake mikato mitano na kibanio chembamba kama ukucha wa mtoto kimekaa kwenye mkato mmojawapo, mara nyingi ule wa katikati. Ukikipandisha kibanio mkato mmoja, sindano inashuka, inaziba tundu zaidi, na petroli inapungua katika mwendo wa kati, ambao ndio unaoutumia mchana kutwa. (Kwa baadhi ya kabureta sindano haina mikato, hapo itabidi uje tuonane.) Kuzima ukiachia mafuta kunatibiwa kwa parafujo ndogo ya ubavuni, lakini uangalie iko upande gani: ikiwa upande wa chujio, hupitisha hewa, na kuifungua ndiko kunakopunguza uzito wa mchanganyiko; ikiwa upande wa injini, hupitisha petroli, na utaifunga. Nusu mzunguko, usikilize, kisha robo nyingine. Jeti kubwa ibaki ya mwisho, nayo ni kushuka namba moja, mbili kwa wingi, kwa mfano kutoka 110 hadi 107.5.

Na mtu akikuambia atasafisha jeti kwa waya, mwambie akuonyeshe yake kwanza. Shaba ni laini, waya huipanua, na jeti iliyopanuka itakuongezea hilohilo unalolikimbia.

Mpanda wa Bukwo

Bibi Shamba, nimebeba abiria na mizigo kati ya Bukwo, Suam na vijiji vya juu kwa miaka tisa, na naafikiana na fundi kuhusu hewa. Lakini ukitaka kupanda na gunia, kabureta itakupa pumzi na sproketi ndiyo itakupa mguu. Hesabu meno. Yangu ilikuja na 14 mbele na 42 nyuma, yaani sproketi ya mbele inazunguka mara tatu kwa kila mzunguko mmoja wa gurudumu la nyuma. Niliweka 13 mbele, na mvuto ukaongezeka kwa karibu asilimia 8. Ungeweka 45 nyuma ungepata karibu hicho hicho, asilimia 7 na kidogo, lakini sproketi kubwa ya nyuma mara nyingi hudai mnyororo mrefu zaidi na gharama inaongezeka. Ya mbele inafunguliwa ukiwa umekaa kwenye kigoda, na usipoipenda unairudisha jioni hiyo hiyo. Ubaya wake ni kwamba mnyororo unajikunja zaidi kwenye duara dogo, kwa hiyo unachakaa mapema. Uupake mafuta kila wiki na ukaguliwe ulegevu wake baada ya kubadilisha. Mwendo nao utapungua: pale ulipokwenda kilomita 80 kwa saa kwa mlio ule ule wa injini, sasa utakwenda kama 74. Nani anakwenda 80 huko kwetu?

Juu ya breki nina neno, kwa kuwa harufu hiyo uliyoitaja naijua. Isimamishe pikipiki kwa stendi ya katikati, gia ikiwa huru, uzungushe gurudumu la nyuma kwa mkono. Likisimama kabla ya kumaliza mizunguko miwili, breki imekazwa mno na inakukamata hata unapopanda, na pengine sehemu ya uchovu unaoulaumu kwenye kabureta inatoka hapo. Pikipiki mpya nyingi hukazwa hivyo dukani. Legeza nati ya nyuma ya fimbo ya breki hadi pedali iwe na uhuru wa upana wa kidole na nusu, kisha ufungue ngoma utazame lainingi, yaani vile vipande vya ndani vinavyoisugua ngoma. Zikiwa zimeng'aa kama kioo, zisugue kwa msasa.

Kushuka, tumia gia ile ile ambayo ungepandia mteremko huo, na uiache injini ishike. Wengi wetu huzima injini ili kuokoa petroli, na mimi nilifanya hivyo mwaka wangu wa kwanza, hadi siku niliposhuka na bibi mmoja mwenye kuku wanne na ngoma zikakataa kabisa. Tulisimama kwenye ua wa migomba. Kuku wote walikuwa wazima. Bibi hakunilipa, na sikumdai.

Kijana wa Kabale

Naomba kutofautiana kidogo na Fundi wa Namatala. Sisi wa Kabale tuko karibu mita 2,000, na ukielekea Kisoro unavuka mahali pa juu zaidi ya hapo. Nilianza na sindano kama anavyoshauri na sikuona tofauti kubwa mafuta yakivutwa hadi mwisho. Nilipopunguza jeti kubwa namba mbili, pikipiki ilizaliwa upya. Kwa mtu anayepanda na mzigo, akiwa amevuta mafuta yote, jeti ndiyo inayoamua, si sindano.

Hata hivyo nitasema na upande wa pili ili nisiwe mwongo. Miezi miwili baadaye niliteremka nayo hadi Mbarara mchana wa jua kali bila kurudisha jeti ya zamani, nikiwa na haraka, na kabla ya kufika injini ilianza kugonga kama kokoto kwenye debe. Pistoni ilikuwa imekwaruzika upande mmoja. Kwa hiyo jeti ya zamani iwe ndani ya kisanduku cha spana wakati wote, na kazi ya kuirudisha ifanywe kabla ya kuteremka, si baada.

Fundi wa Namatala

Ndugu wa Kabale, hatutofautiani, umenimalizia maneno. Sindano hutawala mwendo kuanzia robo ya mafuta hadi robo tatu, na hapo juu ni jeti. Sababu ya kumwambia dada aanze na sindano ni hiyo hiyo iliyokugharimu pistoni. Yeye anaishi kati ya mita 1,900 na 2,500, lakini mshahara na vipuri viko Mbale, ambako ni chini na kuna joto. Mtu wa namna hiyo hupangiwa kabureta ya katikati: avumilie moshi kidogo juu, ili asiunguze injini chini. Mchanganyiko mzito huharibu plagi, ambayo ni ya bei ndogo. Mchanganyiko mwepesi, unajua mwenyewe ulikugharimu nini.

Aliyerudi kutoka Kanada

Nimeusoma mjadala huu nikitabasamu, kwa sababu niliishi Alberta miaka minne, na majira ya baridi nilikuwa nikifanya kazi katika gereji ya pikipiki za theluji, zile zenye mbao mbili za kutelezea mbele na mkanda wa mpira nyuma mahali pa gurudumu. Wateja walikuwa wakinunua mashine mpya na kuzipeleka moja kwa moja kwenye milima ya Rocky, kisha wakirudi na maneno haya haya ya Bibi Shamba, wakiwa na injini za cc 800 na zaidi. Mlima haujali ukubwa wa injini.

Zilizokuwa na kabureta tulizipunguzia jeti kwa jedwali la kiwanda, lililoandikwa mwinuko upande mmoja na baridi upande wa pili, kwa sababu hewa ya baridi ni nzito na hudai petroli zaidi. Jambo hilo halijatajwa hapa: asubuhi ya Kween na saa nane mchana si hewa moja, kwa hiyo plagi isomwe wakati wa siku unaofanyia kazi. Zile zenye mfumo wa kupulizia petroli kwa kompyuta zina kihisio kinachopima mgandamizo wa hewa na hujirekebisha zenyewe, na hata zenyewe zilipungukiwa na nguvu kama zote. Kwa hiyo hatukuishia hapo. Pikipiki za theluji hazina gia za kubadili kwa mguu. Zina mkanda unaokimbia kati ya puli mbili, na puli ya mbele ina vyuma vya uzito vinavyoibana kadiri injini inavyozunguka. Huko juu tulivitoa vyuma hivyo na kuweka vyepesi zaidi, ili injini iliyopungukiwa nguvu iweze kufika mzunguko wake kabla ya kubebeshwa mzigo. Ndiyo sproketi ya meno 13 ya ndugu wa Bukwo, ila kwa umbo jingine.

Mkanda wa nyuma wa mashine za mlimani una urefu wa kama mita nne ukiuzungusha, na makasia ya mpira yenye kimo cha sentimita sita hadi saba na nusu, kwa kuwa katika theluji laini nguvu bila mshiko huchimba shimo tu. Nakumbuka hilo kila ninapoona pikipiki mpya imeletwa milimani na tairi zake za lami za dukani. Mvua za Aprili zikianza, Bibi Shamba, weka tairi ya nyuma yenye vibonye virefu kabla ya kutafuta farasi mwingine ndani ya kabureta.

Bibi Shamba wa Kween

Nimerudi baada ya siku kumi na moja, na nawashukuru nyote, akiwemo bibi mwenye kuku.

Nilianza na la bei nafuu kuliko yote, kuzungusha gurudumu kwa mkono. Halikumaliza hata mzunguko mmoja. Nati ililegezwa, lainingi zikasuguliwa, na siku hiyo hiyo, kabla ya kugusa kingine chochote, pikipiki ilipanda kutoka Kapchorwa hadi Binyiny kwa gia ya tatu nikiwa bila mzigo. Nilikasirika kidogo, kwa sababu nilikuwa nimeilaumu milima kwa wiki tano.

Choki haikuwa na kosa. Plagi ilikuwa nyeusi na kavu. Niliigusa na kidole kikabaki kama kilichopita chini ya sufuria. Kibanio cha sindano tulikipandisha mkato mmoja, kutoka wa tatu hadi wa pili, na parafujo, ambayo kwa pikipiki yangu iko upande wa injini, tuliifunga nusu mzunguko na baadaye robo. Sasa haizimi asubuhi, ingawa bado nasubiri dakika mbili kabla ya kuondoka. Kisha sproketi ya 13 iliyonunuliwa Mbale. Jeti kubwa sijaigusa. Kwa gunia la kilo 40 napanda kwa gia ya pili hadi shamba la mwisho, isipokuwa kona mbili zenye matope ambako bado nashuka kwenye ya kwanza, na lita moja inanipeleka kilomita 37. Ijumaa niliteremka hadi Mbale kwa gia ya tatu, injini ikiwaka, na nilipofika niliweka kiganja karibu na ngoma ya nyuma: ilikuwa na uvuguvugu tu. Plagi niliifungua kwenye gereji ya huko saa saba mchana, ikawa ya hudhurungi isiyokolea sana. Fundi wa Namatala aniambie kama hiyo ndiyo katikati aliyoisema.

Tairi itasubiri mshahara. Fundi wa hapa senta bado anaamini kwamba chujio la hewa lingetosha kuondolewa, basi jana nililitoa mbele yake na kulikung'uta juu ya gazeti. Vumbi lililoanguka lilijaza kijiko cha chai, na alilitazama kwa muda mrefu kabla ya kuniomba bisibisi yake nimrudishie.